Mbegu Haziwekwi Ghala Moja na Mavuno

Anayenunua kompyuta mpakato ya mtumba hukagua kioo, betri na chaja. Faili za urejeshaji, zile zitakazoifufua mashine siku diski ikifa, huziacha zilipo: ndani ya diski ileile.

Simu iliingia saa mbili usiku, Jumapili, nikipiga pasi nguo za kazini. Alikuwa mtoto wa kaka yangu, anayesoma chuo Dodoma, mwaka wa pili.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti hiyo?"

"Mashine imegoma kuwaka. Kioo kimekuwa cheusi, kuna maandishi meupe yanasema haioni diski. Na Jumatano natakiwa kukabidhi ripoti ya mafunzo kwa vitendo."

Mashine hiyo nilimnunulia mwenyewe Kariakoo, miezi mitano kabla ya simu ile. Ilikuwa kompyuta mpakato ya mtumba, nyeusi, kioo cha inchi 14, ya aina ambayo ofisi za Ulaya huwapa wafanyakazi wake. Dukani tulikuwa makini kwa kadiri ya ujuzi wetu. Tulibonyeza herufi moja moja, tukatazama kioo kama kina madoa, tukachomoa chaja kuona betri inashuka kwa kasi gani, tukapiga muziki kusikiliza spika. Tukatoka tumeridhika. Swali moja hatukuuliza: siku diski ikifa, mashine hii itafufuliwa kwa kitu gani?

Ripoti iliokoka kwa bahati. Nusu alikuwa amemtumia msimamizi wake kwa barua pepe, nusu nyingine aliiandika upya kwa siku mbili karibu bila kulala. Mashine ndiyo iliyoteseka. Fundi mmoja jirani na chuo alifunga diski nyingine, akampigia Windows aliyokuwa nayo kwenye flashi yake. Iliwaka, lakini sauti haikutoka, WiFi haikuonekana, na mwanga wa kioo haukupanda wala kushuka. Wiki ya pili ikaanza kufungua kurasa za kamari yenyewe, kwa sababu Windows ile ilikuwa imeamshwa kwa programu ya wizi iliyokuja na virusi vyake. Fundi wa pili akalipwa kurekebisha kazi ya fundi wa kwanza. Nilipopiga hesabu, matengenezo yalikuwa yamekula karibu theluthi ya bei niliyonunulia mashine.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba gharama ile, pamoja na machozi ya mtoto yule, ingezuiwa na flashi moja ya GB 32 na saa mbili za usiku wa kwanza. Makala haya nayaandika kwa ajili ya usiku huo, kwa yeyote atakayerudi nyumbani wiki hii na kompyuta ya mtumba mkononi.

Akiba iliyofichwa

Zamani mfumo wa kuendesha kompyuta ulikuja sandukuni. Windows 95 iliuzwa kwenye CD, na kwa wasio na kisomaji cha CD ilikuja kwenye rundo la diski laini 13. Mwenye mashine alikuwa na akiba anayoweza kuishika kwa mkono. Kuanzia miaka ya 2000 watengenezaji wengi waliacha kutia CD sandukuni ili kupunguza gharama. Badala yake walikata kipande cha diski kuu, wakakifunika mtumiaji asikione kirahisi, wakaweka humo nakala ya mashine ilivyotoka kiwandani: Windows, draiva zote na programu zao. Kipande hicho ndicho mafundi wanachokiita patisheni ya urejeshaji.

Kila kampuni ilikuwa na ufunguo wake wa kukifungua. Kwenye kompyuta nyingi za HP ulibonyeza F11 mashine inapoanza kuwaka. Acer ilitaka Alt na F10 kwa pamoja, ASUS ilitaka F9, na kwenye Toshiba ulishikilia sifuri. Mashine ikajifuta na kujijenga upya bila CD wala fundi.

Watengenezaji walijua kasoro ya mpango huo. Ndiyo maana kompyuta mpya ilipowashwa mara ya kwanza ilimwomba mwenyewe achome DVD kadhaa za akiba. Wengi walibonyeza "baadaye", na hiyo baadaye haikufika. Kwenye baadhi ya mashine ruhusa ilikuwa ya seti moja tu. Mmiliki wa kwanza akishaichoma, mmiliki wa pili hana tena nafasi hiyo, na DVD zenyewe zimebaki kwenye droo ya ofisi fulani ng'ambo.

Siku hizi kipande hicho mara nyingi ni kidogo, cha megabaiti mia kadhaa hadi GB 1 hivi. Kinabeba zana za matengenezo, na Windows yenyewe hujengwa upya kutokana na faili zilizopo tayari kwenye diski. Ni mpango mzuri pale Windows inapoharibika na diski ikiwa nzima. Diski yenyewe ikifa, zana na faili zinazikwa pamoja nayo.

Juu ya moshi wa jiko

Bibi yangu wa Mbozi hakuwahi kugusa kompyuta, lakini jambo hili angelielewa kabla sijamaliza kulieleza. Mavuno yake yaliingia kwenye kihenge. Mbegu hazikuingia humo. Alichagua mahindi makubwa yaliyojaa, akayafunga mafungu kwa maganda yake yenyewe, akayatundika juu ya jiko ili moshi uyapate. Dumuzi akishaingia kwenye kihenge hali punje chache akaondoka. Nyumba ingeweza kulala njaa mwaka huo, lakini mvua ikija isingekosa cha kupanda.

Kompyuta nayo ina mavuno na ina mbegu. Mavuno ni kazi zako: picha za harusi, ripoti za chuo, hesabu za duka, mitihani ambayo mwalimu ameitunga usiku. Mbegu ni faili za urejeshaji, yaani Windows halali ya mashine hiyo, draiva zake na funguo zake. Tunapoambiana tuweke bakapu, karibu kila mara tunazungumzia mavuno, na ni sawa, kwa kuwa picha ya marehemu mama haipakuliwi popote. Lakini mwenye steshenari aliyehifadhi faili zote za wateja huku mashine haina cha kuifufua atafunga duka siku tatu akizunguka kutafuta fundi. Na aliyetengeneza flashi ya urejeshaji akadhani picha zake zimo atashtuka, maana flashi hiyo haibebi kazi zako hata moja. Kila kimoja kitafutiwe mahali pake.

Alama za safari

Kompyuta nyingi zinazojaza maduka ya Kariakoo na ya katikati ya Nairobi zilianza maisha kwenye ofisi za Ulaya na Marekani. HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad hununuliwa au kukodishwa na kampuni kwa mamia, hutumika miaka michache, kisha huuzwa kwa jumla, nyingine zikipitia Dubai kabla ya kufika kwetu. Zimeundwa kwa kazi za kila siku na ndiyo maana zinadumu. Lakini safari hiyo huacha alama.

Alama ya kwanza ni umri wa diski. Programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo huonyesha jumla ya saa ambazo diski imekuwa ikifanya kazi, pamoja na hali yake ya afya. Kumbuka kwamba mwaka mmoja una saa 8,760, kisha soma namba uliyoletewa. Rangi ya njano au nyekundu kwenye programu hiyo ni onyo la kuhamisha mambo yako leo.

Alama ya pili ni kwamba kampuni makini hufuta diski zake kabla ya kuuza, na inafanya vyema. Patisheni ya urejeshaji hufutwa humohumo. Anayeuza huku hupiga Windows aliyonayo, nzuri au mbovu. Kwa hiyo unachokikuta ndani kinaweza kuwa cha fundi wa duka, na hakina uhusiano na kiwanda.

Alama ya tatu haionekani kwa macho. Kampuni nyingi huandikisha kompyuta zake kwenye mfumo wao wa usimamizi, na zikisahau kuiondoa mashine kwenye orodha, ukiirejesha upya na kuiunganisha na intaneti inadai anwani na nywila ya mfanyakazi wa kampuni hiyo. Kwa kompyuta za Apple, kufuli la namna hiyo hutokana na akaunti ya mmiliki wa kwanza. Hapa pana ushauri ambao ungeokoa wengi: kabla hujatoa fedha, mwombe muuzaji airejeshe mashine upya mbele yako, iunganishwe na intaneti ya simu yako, mpaka ifike kwenye ukurasa wa kutengeneza akaunti mpya. Muuzaji mwenye mali safi hatakataa.

Kalenda nayo imeongeza uzito. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilihitimisha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 rasmi inahitaji chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel karibu zote zinazokubalika zinaanzia kizazi cha 8. Mashine kama EliteBook 840 G3, yenye Intel ya kizazi cha 6, iko nje ya orodha hiyo ingawa bado ina nguvu ya kuandika ripoti na kuendesha duka. Ofisi inayotaka Windows 11 inaiondoa mezani, na inakoishia ni kwetu. Kabla ya kununua, soma kizazi cha prosesa, ujue mbegu utakayoihifadhi ni ya toleo gani.

Lipo na jema ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi. Tangu Windows 8, iliyotoka Oktoba 2012, kompyuta zinazouzwa na Windows kutoka kiwandani hubeba namba ya leseni ndani ya chipu ya ubao mkuu. Kabla ya hapo namba hiyo ilikuwa kwenye stika chini ya tumbo la mashine, na wengi tunazikumbuka zikiwa zimefutika kwa jasho la mapaja. Maana yake ni hii: mashine iliyozaliwa na Windows 10 Pro, ikipigwa Windows 10 Pro halisi, mara nyingi hujiamsha yenyewe ikishapata intaneti. Diski mpya haiondoi haki hiyo. Programu ya wizi aliyowekewa mtoto wa kaka yangu haikuhitajika hata kidogo. Alikuwa ameibiwa kwa kuuziwa kitu ambacho tayari kilikuwa chake.

Usiku wa kwanza

Chomeka chaja, hakikisha betri imejaa, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kazi hii utaanza upya. Tafuta flashi mbili nzima za GB 32 na, kama mfuko unaruhusu, diski ya nje, ile wengi wanaoiita eksteno. Chomeka kwenye tundu la USB lenye rangi ya bluu ndani kama lipo, maana kwa kawaida ndilo lenye kasi zaidi.

Anza kwa kujua ulichonacho. Fungua dirisha la amri kama msimamizi wa mashine, andika reagentc /info. Jibu litakueleza kama zana za urejeshaji zipo na kama zimewashwa. Zikiwa zimezimwa, reagentc /enable huziwasha, mradi faili zake hazijafutwa.

Kama Windows uliyoikuta inatia shaka, usiihifadhi. Kuhifadhi Windows yenye virusi ni sawa na kutundika juu ya jiko mahindi yaliyokwisha kuliwa. Nenda kwa mtengenezaji. HP, Dell na Lenovo kila moja ina huduma ya bure inayopokea namba ya utambulisho iliyoandikwa chini ya mashine, kisha kwa mifano mingi ikakupa faili za urejeshaji za mashine hiyohiyo na kuziandika kwenye flashi. Hiyo ndiyo mbegu bora kuliko zote, kwa sababu inakuja na draiva zake. Mashine ikiwa ya zamani kiasi cha kukosekana kwenye orodha, Microsoft yenyewe hutoa Windows halisi bila malipo, na flashi ya GB 8 inatosha kuibeba.

Kama Windows iliyopo ni safi, andika RecoveryDrive kwenye kisanduku cha kutafutia. Programu itakayofunguka ina kisanduku kidogo cha tiki kinachouliza kama faili za mfumo nazo zihifadhiwe. Kiache na tiki. Ukiiondoa, flashi itabeba zana pekee, na siku ya kifo cha diski haitakuwa na cha kupanda. Microsoft inashauri flashi isiwe chini ya GB 16. Kazi huchukua saa moja na zaidi kwenye mashine ya umri huu, na kuna dakika ambazo mstari wa maendeleo hausogei kabisa. Iache iendelee.

Hapa nasimama kwa herufi nzito. Programu hiyo hufuta kila kitu kilichomo kwenye kifaa unachokichagua. Usiielekeze kwenye eksteno yenye picha za familia kwa kufikiri kwamba itaongeza folda moja pembeni. Wakati wa kuchagua, chomoa kila kifaa kingine, kibaki kile cha kufutwa tu.

Kisha hifadhi draiva, yaani programu ndogo zinazoifundisha Windows kutumia sauti, WiFi, kamera na vitufe vya mwanga. Hizi ndizo zilizokosekana kule Dodoma. Tengeneza folda kwenye flashi ya pili, tuseme ni diski E na folda inaitwa Draiva, kisha kwenye dirisha la amri andika pnputil /export-driver * E:\Draiva. Ndani ya dakika chache draiva zote za nyongeza zilizomo kwenye Windows yako zitakuwa zimenakiliwa, na siku ya kupiga Windows upya utaielekeza mashine kwenye folda hiyo hata bila bando.

Mwenye eksteno apige hatua moja zaidi: atengeneze picha kamili ya diski nzima. Clonezilla, programu huria iliyotengenezwa na kituo cha taifa cha kompyuta zenye uwezo mkubwa cha Taiwan, hufanya kazi hiyo bila malipo. Huchukua Windows, patisheni zilizofichwa na kazi zako kwa pamoja, na kwa aina za diski inazozielewa huruka sehemu tupu, hivyo diski ya GB 256 iliyotumika robo haihitaji GB 256 za kuhifadhi. Skrini zake zinatisha kwa mara ya kwanza, na ukichanganya diski ya kutoka na diski ya kwenda utaumia. Kama huna uhakika, kaa na anayeijua.

Mwisho, angalia kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows yenyewe. Kama imefungwa, kuna ufunguo wa tarakimu 48, na mashine inaweza kuudai siku utakapowasha kwa flashi. Uandike kwenye karatasi. Ukiuhifadhi ndani ya diski iliyofungwa, umefungia ufunguo ndani ya nyumba.

Flashi inayosema uongo

Kazi yote hiyo inaweza kupotea kwa sababu ya flashi bandia. Sokoni zipo flashi zinazoandikwa TB 1 au TB 2 kwa bei ya chakula cha mchana. Ndani yake pana kumbukumbu ya GB chache tu, na chipu imefundishwa kuidanganya kompyuta. Unanakili, mstari unajaa, majina ya faili yanaonekana, nawe unalala usingizi. Kumbe baada ya ile nafasi halisi kuisha, kila kilichoandikwa kilifunika cha mwanzo au kilikwenda hewani. Uongo huo hugunduliwa siku ya kufungua faili, yaani siku ya msiba.

Usiichanganye hila hiyo na tofauti halali ya hesabu. Mtengenezaji huhesabu GB kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024, kwa hiyo flashi ya kweli ya GB 32 itaonyesha karibu 29.8, na diski ya GB 500 itaonyesha karibu 465. Huko si kuibiwa. Kuijua flashi bandia kunataka kipimo: programu ya bure ya H2testw, iliyotoka kwa jarida la kompyuta la Ujerumani liitwalo c't, huijaza flashi yote kwa data kisha huisoma tena kuona kama kilichoingia ndicho kilichotoka. Kwa watumiaji wa Linux ipo F3 inayofanya kazi hiyohiyo. Ifanye kabla ya kuiamini flashi yoyote mpya, hata iliyokuja kwenye pakiti inayong'aa.

Kwa nini tusitegemee intaneti

Kijana mmoja aliniuliza kwa nini tujisumbue na flashi wakati Windows siku hizi inaweza kujipakua yenyewe. Ni kweli. Tangu 2020, Windows 10 ina njia ya kujirejesha kwa kupakua faili kutoka Microsoft, nayo huweza kutumia zaidi ya GB 4 za data. Kwa mwenye intaneti ya ofisi hilo ni jambo dogo. Kwa mwanafunzi anayenunua bando la siku, ni chakula. Na diski ikiwa imekufa kabisa, Windows iliyobeba njia hiyo imekufa nayo, kwa hiyo utahitaji kompyuta ya mtu mwingine hata kuanza.

Tena tunaijua intaneti yetu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Ofisi zilisimama, benki zikasuasua, watu wakashinda wakiwasha na kuzima simu. Mwenye mashine iliyokufa wiki ile, kama alikuwa na flashi mezani, aliendelea na kazi. Wa kupakua alisubiri.

Kuiotesha kabla ya mvua

Kila mwaka mvua zikikaribia, bibi alitoa punje kumi kwenye mafungu yake, akazifunga kwenye kitambaa kibichi, akaziweka pembeni siku kadhaa. Kisha alihesabu zilizochipua. Hakuwahi kupanda mbegu kwa kuamini tu kwamba mwaka jana zilikuwa nzima.

Flashi ya urejeshaji nayo haijawa akiba mpaka imewashwa. Zima mashine, chomeka flashi, washa huku ukibonyeza kitufe cha kuchagua pa kuanzia: F12 kwa Dell na ThinkPad, Esc kisha F9 kwa kompyuta nyingi za HP. Ukifika kwenye ukurasa unaokuuliza lugha ya kibodi na kukuonyesha zana za matengenezo, umeona chipukizi. Ishia hapo, usiguse chaguo la kurejesha, zima. Kama haikuwaka, shukuru Mungu kwamba umejua leo.

Rudia kila mwaka. Microsoft yenyewe inashauri flashi hiyo itengenezwe upya mara kwa mara ili ibebe masasisho ya karibuni, na kumbukumbu ya flashi, ikiachwa miaka mingi bila kuchomekwa, huweza kupoteza ilichopewa. Wahenga walisema akiba haiozi. Hii ya kwetu ya leo huoza kimyakimya isipotazamwa. Tarehe 31 Machi huadhimishwa duniani kuwa siku ya kukumbushana nakala za akiba. Mwenye kusahau aifanye hiyo kuwa siku yake.

Na flashi isikae kwenye begi la kompyuta. Mwizi wa daladala hachagui mfuko. Iandike aina ya mashine, namba yake na tarehe, iweke nyumba nyingine au kwa mtu unayemwamini.

Kabla ya kuhifadhi chochote, neno moja la heshima. Ukikuta kwenye mashine ya mtumba barua, picha au vyeti vya mtu usiyemjua, usivitazame kwa starehe, usivitume kwenye kundi la WhatsApp, na usivibebe ndani ya nakala yako. Vifute. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina yake ya 2019. Lakini hata bila sheria, yule mtu alikuwa na familia kama yetu. Na siku tutakapoiuza mashine hiyo kwa mwingine, tutatamani atutendee vivyo hivyo.

Desemba

Likizo ya Desemba mtoto wa kaka yangu alikuja Dar es Salaam na mashine yake, ikiwa na diski mpya. Tulikaa sebuleni baada ya chakula cha usiku. Nilimwomba anionyeshe kama amejifunza. Alihakikisha kazi zake zote ziko kwenye eksteno, akafungua faili tatu kuthibitisha, kisha akachomeka flashi aliyoitengeneza mwenyewe na kuifuta mashine yake kwa hiari yake, mbele ya macho yangu. Mimi ndiye niliyeshika kifua.

Ilichukua muda wa kumaliza birika la chai. Mashine ilipowaka upya aligusa kitufe cha mwanga, kioo kikafifia na kung'aa. Akapandisha sauti, ikatoka. WiFi ya jirani ikajipanga kwenye orodha. Hakuna fundi aliyeitwa.

Usiku huo alinikabidhi flashi ya pili ndani ya bahasha. Nimeiweka kwenye kopo la biskuti, pamoja na vyeti vya kuzaliwa na hati ya kiwanja. Mashine iko Dodoma, bahasha iko Dar es Salaam. Juu yake ameandika namba ya mashine, tarehe, na chini kabisa, kwa mwandiko wake mdogo, neno moja alilolisikia kwangu nami nikalisikia Mbozi: mbegu.